Tunajuana

Kwa siku tatu Mzee Didas hakumwita binti yake kwa jina. Akitaka maji alimwambia mkewe, "Mwambie huyo alete maji." Akitaka kiti alikifuata mwenyewe. Na Wilhelmina, ambaye tangu azaliwe baba yake alimwita Mina kwa sauti ya kuimba kidogo, alizunguka katika nyumba ile ya kijijini Masaki kama mgeni aliyekaa hadi wenyeji wakamchoka.

Alijua mambo yaliharibika Jumatano, barua ilipofika. Karani wa kijiji aliichukua posta ya Kisarawe pamoja na magazeti, akaileta hadi barazani. Juu ya bahasha palikuwa na jina la baba yake, herufi kubwa, zimeachiwa nafasi kama miche ya mikorosho. Mina aliutambua mwandiko, moyo ukampiga kama mchi ndani ya kinu. Ulikuwa mwandiko wa Leodegar.

"Nikusomee, baba?" aliuliza, akijitahidi kutuliza sauti.

Siku hiyo mzee alikuwa bado anacheka. "Mwalimu," alimjibu, maana ndivyo alivyomwita walipokuwa kwenye darasa la kisomo, binti akifundisha na baba akijifunza, "mwanafunzi asiposoma barua yake mwenyewe, mwalimu amekula mshahara wa bure." Akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Alipotoka, hakuwa tena baba yule.

Leodegar alikuwa bwana shamba msaidizi, akiishi Kongowe, upande wa Kibaha. Kwao ni mbali, Rombo, chini ya mlima. Mina alikutana naye mwaka 1973, alipopelekwa Kibaha kwa wiki sita kujifunza namna ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Kijana huyo mrefu, mwenye macho ya upole na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, alikuja kuwafundisha somo la kilimo kwa ubao na chaki. Baadaye kazi ikamleta Masaki kukagua mikorosho. Kila alipokuja alisimama mbali, akasalimia, akatazama chini. Miaka miwili mapenzi yao yaliishi katika salamu na macho tu. Mina alipolala alikuwa akizihesabu zile salamu, maana hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mara moja tu Leodegar alimwambia, "Mina, nitakuja kwa mlango wa mbele." Naye akajibu, "Mlango wa mbele uko wazi." Basi.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mina alikaa uani na mama yake, Laurentia, wakimenya muhogo wa makopa. Harufu ya mabibo yaliyoanguka ilijaa hewani, maana korosho zilikuwa zimeanza. Mama alimenya mihogo mitatu, kisha akaweka kisu chini.

"Baba yako jana alikwenda kwa katekista."

"Kufanya nini, mama?"

"Akapita na kwa Mzee Wilbrod pia, mzee mwenzake wa kigango. Amewaambia kesho padre akija, jina lako lisomwe."

Mina naye akaweka kisu chini. Kigango chao kilikuwa na desturi ya zamani. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, na kabla ya misa yalisomwa majina ya waliojiharibia, ili wasikaribie meza ya Bwana hadi watakapotubu mbele ya wote. Msichana aliyesomwa jina hakufundisha tena watoto mafundisho, hakuimba, wala hakupata mume wa heshima.

"Nisomwe jina kwa kosa gani?"

"Wewe ndiye wa kuniambia," mama alisema, na machozi yakamdondoka juu ya muhogo. "Mimi aliniambia tu kwamba yule kijana ameungama yote kwa kalamu yake. Barua amelala nayo chini ya mto siku tatu. Mimi sijui kusoma, mwanangu. Ningejua ningeitazama."

"Ameungama nini? Mama, hakuna cha kuungama!"

"Shangazi yako anakuja. Ameitwa akutazame."

Shangazi Mwanajuma alifika jua likiwa bado la upande. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Didas, Mwislamu kama walivyokuwa wazazi wao, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali na moyo mlaini. Yeye ndiye aliyekuwa kungwi wa Mina alipovunja ungo. Alimwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango kwa komeo, akakaa kitandani akihema.

"Haya, mwanangu. Legeza khanga, nikutazame, tumalize."

"Silegezi, shangazi."

"Ala! Hulegezi?"

"Neno langu linatosha. Sijalala na mwanamume yeyote. Mungu ananiona."

Shangazi akamkazia macho. "Kila mwali husema hivyo. Hata mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa kiapo. Nilikuwa nasema uongo." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Mina, sikiliza. Mimi sikuja kukuaibisha. Nikitoka hapa nikisema ni mzima, kaka yangu atanyamaza. Kwa nini unakataa kitu chepesi?"

"Kwa sababu mimi ni mtu, shangazi, si kuku wa sokoni wa kupapaswa. Na kwa sababu baba amenilea miaka ishirini na miwili. Kama hanijui kwa hiyo miaka yote, atanijua kwa kutazamwa?"

"Hiyo ndiyo elimu yenu ya Kibaha," shangazi alisema, lakini si kwa hasira. "Sisi tulitazamwa, hatukufa. Tena tulijivunia. Ninyi mnaona haya palipo na fahari, halafu palipo na haya mnaandika barua! Na mwanamume mwenyewe ndiye huyo wa kula ndizi asubuhi na jioni. Muhogo wetu si utamkwama kooni?"

Mina alipiga magoti kando ya kitanda, akasali kimya. Hakuomba aolewe. Aliomba baba yake amwite tena kwa jina.

Kabla hajasema amina, sauti ilisikika barazani.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya Leodegar. Alikuwa ameahidi katika barua kwamba angekuja Jumamosi kuchukua jibu, naye alitoka Kongowe kwa baiskeli tangu alfajiri. Shangazi akamshika Mina mkono, wakasogea karibu na mlango. Kupitia ufa wa mbao Mina alimwona: suruali imejaa vumbi hadi magotini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Didas hakuitikia. Mina alihisi kama yeye ndiye aliyenyimwa ile marahaba.

"Keti," mzee alisema hatimaye. Akaichomoa barua mfukoni pamoja na bahasha yake, akaikunjua karatasi juu ya goti. "Hii ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Hukuandikiwa na mtu?"

"Niliandika kwa mkono wangu. Tena nilisali kwanza."

"Ulisali!" Mzee alilirudia neno hilo kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Akaweka kidole juu ya karatasi, akasoma polepole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. "Mi-mi na bin-ti ya-ko tu-na-ju-a-na. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mzee. Tunajuana tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Wapi?"

"Kule Kibaha kwenye mafunzo. Ndipo tulipoanza."

"Na hapa kijijini kwangu?"

"Hata hapa, mzee. Kila nilipokuja kukagua mikorosho."

"Shambani kwangu?"

"Shambani, ndiyo. Na siku moja kigangoni, baada ya ibada."

"Kigangoni!" Mzee Didas alisimama, karatasi mkononi.

Leodegar naye akasimama, ameshtuka. "Mzee, hatukujificha. Ilikuwa mbele ya watu. Hata katekista alikuwepo."

Nyuma ya mlango, shangazi Mwanajuma alijiziba mdomo kwa khanga. Lakini Mina alikuwa amekauka kama mti. Kitu kilikuwa kinafunguka kichwani mwake. Alimkumbuka baba yake jioni moja ya mwaka uliopita, mbele ya taa ya chemli, kidole chake kikifuata mistari ya Maandiko, mahali panaposimuliwa watu wa kwanza na kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza. Akaelewa yote.

Kwa desturi yao mwali hatoki posa yake inaposemwa. Hujifanya hayupo, hata kama nyumba inaungua. Mina alivuta komeo.

"Wee! Unakwenda wapi?" shangazi alinong'ona.

Mina alitoka, akapiga magoti sakafuni mbele ya baba yake. Hakumtazama Leodegar, ingawa alisikia pumzi yake ikikatika.

"Rudi ndani," mzee alisema.

"Nitarudi, baba. Nisamehe nimetoka bila kuitwa. Neno hilo, kabla ya barua hii, uliwahi kulisoma wapi?"

"Unaniuliza maswali ya darasani leo?"

"Nakuomba, baba."

Mzee aliitazama karatasi. "Kwenye Maandiko. Ulinisomesha mwenyewe."

"Uliniuliza mtu anamjuaje mkewe halafu anazaliwa mtoto. Mimi nikaona haya, kwa kuwa wewe ni baba yangu. Nikasema kumjua ni kulala naye, tuendelee mbele. Nikafungua ukurasa mwingine haraka." Alionyesha ile karatasi mkononi mwa baba yake. "Sikukueleza kwamba ni pale tu. Kwamba kwingine kote, hata kwenye karatasi, neno hilo ni lile lile la kila siku. Baba, Leodegar ameandika kwamba tunafahamiana. Tumesalimiana kwa miaka miwili. Hajanigusa hata mkono."

Jogoo alipita barazani, akatazama watu, akaenda zake.

"Mungu wangu," Leodegar alisema taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mzee, ulidhani ninakuja nyumbani kwako kwa mlango wa mbele kukuambia maneno hayo?"

"Nilidhani ndiyo kiburi cha vijana wa siku hizi," mzee alijibu. "Kuiba, kisha kuleta taarifa."

Ndani ya chumba shangazi hakuweza tena kujizuia. "Kumbe ni salamu!" sauti yake ilitoka kupitia mlango. "Jamani, mtoto anataka kusomwa kanisani kwa ajili ya salamu!"

"Nyamaza, Mwanajuma," mzee alisema, lakini bila nguvu. Alikaa chini. Aliitazama ile karatasi kama mtu anayemtazama rafiki aliyemgeuka.

"Mdomoni nalijua neno hili," alisema. "Nalitumia kila siku. Lakini kwenye wino nilikutana nalo mahali pamoja tu. Nikasema, kilichoandikwa hakichezi. Huyu kijana ana elimu, hawezi kuandika neno zito hivi bila kukusudia." Akamgeukia Leodegar. "Kwa nini hukuleta mshenga kama watu? Mshenga angesema, ningemwuliza, angejibu. Karatasi haiulizwi."

Leodegar alifikiri kabla ya kujibu, kama ilivyokuwa desturi yake. "Mzee, Mina aliwahi kuniambia mbele ya wenzake kwamba baba yake amefaulu kusoma. Alisema huku amejaa furaha hadi machozi. Nikaona nikimtuma mshenga, heshima itakuwa ya mshenga. Nikiandika, nawe ukaisoma mwenyewe, bila kuazima macho ya mtu, heshima itakuwa yako. Ndiyo maana niliziandika kubwa zile herufi. Niliirudia barua mara nne ili isiwe na neno gumu."

Mzee Didas aliinamisha kichwa. Katika miaka yake hamsini na minane hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua. Ile ilikuwa ya kwanza. Mina aliona kidole cha baba yake kikipita taratibu juu ya jina lake pale kwenye bahasha, akaona kwamba hasira imekwisha na kilichobaki ni fedheha. Fedheha ya mzazi ni nzito kuliko hasira yake. Mtoto hana pa kuikimbilia.

"Lakini sikiliza," mzee alisema, na sauti yake ikarudi taratibu. "Nimesoma vibaya, nakiri. Ila hata kwa maana yako, kijana, barua yako si kweli. Unasema unamjua binti yangu. Mama yake alipougua, mama mkubwa aliyemnyonyesha anaitwa nani?"

Leodegar aliitazama kofia yake.

"Kwa nini hapiti njia ya kisimani peke yake hadi leo?"

"Sijui, mzee."

"Ndugu yake mdogo alizama pale. Huyu dada yake alikuwa na miaka saba, ndiye aliyempeleka." Mzee akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza kwa siku tatu akamtazama usoni. "Na wewe, Mina. Mama yake huyu anaitwa nani?"

Jina lake! Baba alikuwa amemwita kwa jina. Machozi yalimjaa Mina.

"Anaitwa Stellamaris, baba."

"Ana kisirani gani? Akikasirika hufanyaje? Ukifika kwake na wewe hujui lugha yake, atakupokea au atakucheka?"

"Sijui, baba."

"Basi hamjuani. Ninyi mmependezana. Kupendezana si dhambi, hata mimi nilimpenda mama yako nilipomwona anatwanga. Lakini kujuana ni kazi ya ukoo na ukoo. Ninyi ni wepesi wa kuandika, sisi ni wazito wa kusoma, na katikati hapo mtoto wangu nusura apotee."

"Mzee," Leodegar alisema, "ni haki unavyosema. Nimefundisha watu wazima mambo ya mistari na nafasi za miche, nikadhani najua kila kitu cha kuwaambia. Naomba unifundishe. Nifanye nini?"

Mama Laurentia, aliyekuwa amesimama pembeni ya ukuta muda wote, alivuta pumzi. Mina hakuthubutu kuinua uso.

"Korosho zikiisha," mzee alisema baada ya kufikiri, "nenda kwenu. Mlete mama yako, na mjomba wako kama yu hai. Wakae hapa siku saba. Wale muhogo wetu, watuone tukichoka na tukikasirika. Hadi hapo usionane na huyu, wala usimwandikie. Hata salamu."

"Hata salamu, mzee?"

"Hasa salamu," shangazi akadakia kutoka ndani.

Leodegar aliinama. "Nimesikia, mzee." Kisha akamgeukia Laurentia, akamuaga kwa heshima. "Mama, kwaheri. Mlima ni mbali, lakini huwa hauhami." Alisema kwa mama, ila Mina alijua maneno yale yamepelekwa kwa nani. Aliinua macho mara moja tu. Macho yao yalikutana, yakakaa, yakaachana. Alipoisikia baiskeli ikitoka uani, alihisi kila mzunguko wa gurudumu ukimvuta kifuani. Miezi mitatu ya korosho bila hata salamu! Aliyezoea kuishi kwa makombo alikuwa amenyimwa hata makombo.

Mzee Didas hakukawia. Alivaa koti lake la misa na kofia, ingawa jua lilikuwa kali.

"Unakwenda wapi, Baba Mina?" mkewe alimwuliza. "Hujala."

"Nakwenda kurudisha maneno."

"Mtume mtu. Utasema nini, mzee wa kigango mzima, kwamba ulisoma vibaya? Watakucheka mpaka Pasaka."

"Nilikwenda kwa miguu yangu kumshitaki. Nitatumaje mtu kumsafisha?"

Mina alijifunga khanga, akamfuata. Mzee aligeuka, akamwona, hakumrudisha wala hakumsubiri. Walitembea hivyo, baba mbele, binti hatua kumi nyuma, kupita kati ya mikorosho hadi kwa Mzee Wilbrod. Kwa katekista wangekwenda baadaye.

Mzee Wilbrod na mkewe Efrazia walikuwa wakianika korosho uani. Mzee Didas alivua kofia. Mina alisimama kwenye ua, mikono ameifumbata, akisali kwa midomo iliyofungwa.

"Mzee mwenzangu," baba yake alisema, "jana nilikuambia jambo juu ya binti yangu. Binti yangu ni safi. Kosa ni langu. Nilisoma barua, nikaisoma vibaya."

Mzee Wilbrod alibaki na korosho mkononi. "Uliisoma vibaya vipi, Didas?"

"Neno moja. Nilidhani nalijua."

Mina aliona shingo ya baba yake ilivyokaza, na jinsi alivyokataa kuinamisha uso. Hakuna aliyecheka. Efrazia alimtazama mzee, kisha akamtazama binti aliyesimama kwenye ua, na sauti yake ikalainika kwa namna ya wanawake wanaotaka kujua mwisho.

"Na yule kijana je?"

"Nimemwambia alete wazazi wake, korosho zikiisha."

"Kwa hiyo umekubali?"

Mzee Didas alirudisha kofia kichwani, akaikalisha vizuri kwa mikono miwili.

"Nimesema aje," alijibu.